Shikamoo Isiyo Yangu

Jumanne ya kwanza ya Machi, mwaka juzi, nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, na lugha ya alama alinifundisha yeye, kila likizo aliporudi kutoka shule ya viziwi. Tulipomzika, mikono yangu ikakosa wa kuongea naye.

Kuna jambo lazima niliseme kabla sijaendelea. Siku zake za mwisho, tukiwa hospitali ya Berega, daktari alinieleza ukweli wote na akaniomba nimfikishie mgonjwa. Mdogo wangu akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema utapona, ila polepole. Alikuwa na watu wa kuwaaga. Sikumpa nafasi hiyo, na wakati ule nilijiona mwenye huruma.

Miezi ikapita. Siku moja kijana alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu, akaniamkia kwa mikono. Alikuwa bwana shamba mpya, kiziwi, mwenye diploma ya kilimo. Mkuu wake wa kazi alikuwa amempa mkutano mmoja wa majaribio katika kijiji kinachopakana na hifadhi kule Mikumi. Wanakijiji wakimkubali, kijiji kile kitakuwa chake. Wakimkataa, atarudishwa ofisini kupanga mafaili. Alihitaji mkalimani, na watu walikuwa wamemwelekeza kwangu.

"Sikusomea kazi hiyo," nikamwambia.

"Najua. Nina sharti moja. Wakisema, nipe yote. Hata tusi."

Nikakubali.

Njiani tulisimama mara tatu, maana aliyeshika usukani hawezi kuongea, nami nilikuwa na maswali mengi. Unajuaje injini imeharibika? Akapiga mapaja yake: inamtetemesha tofauti. Na gari likikupigia honi nyuma? Akaonyesha kioo cha pikipiki. "Nyie mnaosikia mnakitumia kuchania nywele." Nilimwonyesha alama zetu za nyumbani, zile tulizojitungia mimi na mdogo wangu. Nyingine hakuzielewa kabisa. Ile ya ugali ilimchekesha, akaomba nirudie.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi. Mimi nina hamsini na sita. Bwana shamba alianza kwa salamu, nami nikaitoa kwa sauti kama alivyoitoa:

"Shikamooni."

Mwenyekiti akainuka.

"Mama, unatuamkia sisi? Unatutafutia laana?"

Nikawaeleza kwamba mdomo ni wangu, ila maneno ni ya bwana shamba. Nikisema "mimi", ni yeye.

"Haya, marahaba, bwana shamba," akasema mwenyekiti. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, shikamoo."

"Marahaba."

Hata hivyo hawakuzoea mara moja. Nilipofika kwenye "mke wangu ni mwalimu", mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Makubwa haya," na nikalazimika kumfikishia bwana shamba hilo nalo.

Alikuwa bado anajitambulisha wakati mzee mmoja wa nyuma, mkulima wa mahindi, aliposimama.

"Tumeomba mtaalamu, wametuletea bubu. Tembo akimjia kwa nyuma atajuaje? Tutakuja kuokota mifupa."

Watu wakacheka. Bwana shamba aliona vicheko, akanitazama na kungoja. Kichwani nilikuwa na sentensi tayari: mzee anauliza kuhusu usalama wako. Ilikuwa sentensi nzuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Mkono ulishainuka kuianza. Lakini nilikuwa nimeshatazamwa hivyo kitandani kwa mdogo wangu. Nikaushusha, nikaanza upya, nikampa yote: bubu, mifupa, na kwamba wanacheka.

Alimgeukia mzee.

"Shikamoo mzee. Tembo wamekula kiasi gani shambani kwako?"

"Eka moja na nusu."

"Uliwasikia?"

"Nilikuwa nimelala."

"Basi tuko viziwi wawili. Ndiyo maana nimekuja na uzio unaomlinda hata aliyelala."

Safari hii walicheka hata waliokuwa wamenuna. Akatutoa nje uwanjani, akafunga kamba kati ya miti miwili, akaipaka oili chafu ya gari iliyochanganywa na pilipili kali za kusaga, akaning'iniza vitambaa vilivyolowa mchanganyiko ule. Tembo hapendi harufu ile. Sisi wenyewe tulipiga chafya. Mzee yule alisogea karibu kuliko wote.

"Mvua ikinyesha?"

"Unapaka upya."

"Na tembo akiizoea?"

Bwana shamba alijibu kwa alama moja tu. Nilitamani kumwongezea maneno, maana niliona mkutano umeshaegemea upande wake. Nikasema nilichopewa:

"Sijui."

Mzee alimtazama sana. "Wote waliokuja hapa walikuwa wanajua," akasema.

Mwenyekiti akauliza ni akina nani wanaotaka bwana shamba huyu aendelee kuja. Mikono ikainuka, mingi, ingawa si yote. Wa mzee haukuinuka. Mwenyekiti akaandika barua kwa mkuu wa kazi pale pale juu ya dawati, akagonga muhuri, akampa bwana shamba mkononi. Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati.

"Mimi bado sijakubali," mzee akasema, nami nikafikisha. "Kwanza aje aone shamba langu. Sasa hivi."

Nikaanza kuokota kanga yangu niwafuate. Mzee akanizuia. "Pikipiki haibebi watatu, mama. Wewe pumzika kwenye benchi hapo."

Akapanda nyuma, nafasi yangu, na wakaondoka, mzee akimwelekeza njia kwa kumgonga bega, mara la kulia, mara la kushoto.