Fundi wa Rhonda Anayewashonea Madaktari wa Sheria

Saa mbili asubuhi mtaani Rhonda, Nakuru, Nasimiyu anafumua joho jekundu alilolimaliza juzi. Leo ni Ijumaa, na Jumapili mteja wake, Dkt Jebet, anatakiwa kulivaa kanisani Kamere, Naivasha.

"Nilikosa adabu," anasema fundi huyu wa miaka arobaini na saba. "Sikumuuliza."

Nasimiyu ana desturi yake. Hakati kitambaa cha joho la shahada ya udaktari kabla mteja hajamweleza alichosomea, mpaka aelewe. Joho moja humwingizia shilingi elfu tatu, lakini yeye aliyeishia darasa la saba hungoja zaidi hayo maelezo, na huyasikiliza mdomo wazi.

"Kumbe udaktari wa sheria si mmoja!" anashangaa. "Kuna nchi unatunukiwa tu, labda umechimbia watu visima. Nchi ingine, jina ni lilelile, lakini unausotea vitabuni miaka!"

Hapo ndipo alipoteleza. Mwaka jana alimshonea mfanyabiashara aliyetunukiwa. Dkt Jebet alipoleta shahada yenye jina hilo kutoka Afrika Kusini, Nasimiyu akadhani naye kapewa. Akamshonea joho la heshima, bila utepe wa waliofanya utafiti.

"Mama Quincy, hii sikupewa," Jebet alimwambia jana alipokuja kulijaribu. "Nimeisotea miaka saba. Na mathe wangu hakufika graduation. Jumapili ndio ataniona nayo first time."

Mamake bado anakata maua katika shamba moja Naivasha.

Aibu ilimshika Nasimiyu. Akamvutia stuli, akamuuliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo.

Jebet akaeleza: alilinganisha sheria za nchi tatu, aone zinavyomlinda kibarua anayefutwa kazi kwa sababu ni mjamzito.

Nasimiyu akamwomba arudie. Yeye mwenyewe alifutwa kazi katika shamba la maua miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa na mimba ya mwanawe Quincy. Ndipo akashika cherehani.

"Nilidhani ni bahati yangu tu mbaya," anasema, machozi yakimlengalenga. "Kumbe mtu alikaa chini miaka saba akiandika mambo yangu!"

Saa kumi jioni utepe umekaa. Jebet analivaa, na Nasimiyu anarudi nyuma hatua mbili amtazame vizuri.

Nasimiyu ameomba nakala ya tasnifu ya Jebet, kurasa mia tatu za Kiingereza.

"Kizungu changu ni cha kuombea maji," anasema. "Lakini nitaenda ukurasa mmoja kwa wiki, Quincy akinisaidia. Nikifika pale penye sisi tuliofutwa, nitasoma kwa sauti."