Kisima Chenye Mwenyewe

Nilisikia ndoo ikitua majini kabla sijakiona kisima. Nilikuwa bado uchochoroni, baiskeli naikokota kwa mkono mmoja, daftari la ofisi nimelibana kwapani, na sauti ikanifikia kutoka nyuma ya ua wa makuti: kamba ikiburura juu ya jiwe, kimya kidogo, kisha chubwi, ya mbali sana chini, kama neno lililosemwa na mtu aliyejifunika shuka. Nikafurahi, maana palikuwa na mtu wa kumuuliza. Nilipopenya upenyo wa ua nikakikuta kisima, mawe ya mdomo wake yamechimbika kwa kamba za miaka, na ndoo imetundikwa kwenye kigingi. Niliigusa. Ilikuwa kavu mpaka chini.

"Umesikia, eh?"

Aliyesema alikuwa bibi mmoja aliyekaa juu ya mbuzi mlangoni mwa jiko, anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Usiogope. Jua la utosi ndio wakati wake."

"Nani alikuwa anateka?"

"Hichi kisima kina mwenyewe, mwanangu," akasema, na akaendelea kukuna.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika ofisi ya maji mjini, kazi yangu kunakili ramani. Nilizaliwa Mji Mkongwe, katika nyumba yenye mfereji wake wa bomba uani, nami mpaka nilipoajiriwa nilidhani maji ni kitu kinachokuja chenyewe, kama asubuhi. Ofisini ndipo nilipojifunza kwamba maji hayaji, huletwa. Yalitoka kwenye chemchemi za Bububu, yakasafiri ndani ya bomba mpaka kwenye matangi, na kutoka huko yakagawanywa na mtu mmoja mwenye ufunguo mrefu wa chuma aliyezunguka akifungua koki hii na kufunga ile. Nyumba za Mji Mkongwe zikifungua mifereji yao alfajiri kwa pamoja, ng'ambo ya pili ya Darajani mifereji hukohoa na kunyamaza. Ndiyo sababu lilipangwa bomba jipya la Ng'ambo, na ndiyo sababu nilipewa daftari.

Mhandisi wetu alikuwa Mwingereza mpole mwenye macho mekundu ya kusoma taa ikiwaka. Alizungumza nami kwa Kiingereza, nami namkumbuka kwa Kiswahili. "Kabla ya kuchora mifereji," alisema, "tuhesabu visima." Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mtaa wenye kisima kisicho na mwenyewe utapata mfereji, kisha kisima kitafunikwa, maana watu walikuwa wakiugua matumbo kwa maji yake. Mtaa wenye kisima cha mtu utangoja, maana yule mwenye kisima ndiye mwenye wajibu wa kukitengeneza na kuwapa jirani. Mabomba hayakutosha kila mahali, na mahali fulani lazima pangoje. Daftari lilikuwa na safu nne: mtaa, kina, maji baridi au ya chumvi, na mwenyewe.

"Unaandika nini?" aliuliza yule bibi.

"Naandika visima vyote vya Kikwajuni, Bi. Serikali inataka kuleta mifereji."

Hapo mkono wake ukasimama. "Basi andika na hili. Tunataka mfereji. Mimi nshachoka kuchota, na mwenyewe keshachoka kuchotewa." Kisha akaelekeza kidevu kwa mtoto wa kike wa miaka minane au tisa aliyechutama pembeni akipeta mchele katika ungo. "Mama yake huyu alikuwa mwanangu. Aliitwa hapo, mchana kama huu. Wakati mimi nnamwambia kila siku, kisimani huitiki mpaka umwone anayekuita. Akaitika. Tulimtoa alasiri."

Nilitazama ungo. Yule mtoto akainua uso ghafla, akatabasamu, akasema, "Labeka, bibi!"

"Sikukuita mie," alisema bibi yake, polepole.

Mtoto akarudi kwenye mchele wake. Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yakisema kwamba sasa nimeona kwa nini.

Nikafungua daftari. Nikaandika Kikwajuni. Nikaandika kina, kama alivyonikisia kwa pima za kamba. Nikaandika maji baridi. Nilipofika safu ya nne nikatulia.

Nilijua maana yake. Sitajidai kwamba sikujua. Hakuna mtoto wa Unguja, awe wa Mji Mkongwe au wa Mangapwani, asiyejua anachoambiwa akiambiwa kwamba mti au pango au kisima kina mwenyewe. Lakini siku zile tulikuwa vijana wanne watano tuliokutana barazani kila jioni kusomeana hadithi zetu, tukishindana kutafuta neno moja lenye kubeba maana mbili, na mbele yangu palikuwa na safu imeandikwa *mwenyewe*, kama iliyokuwa ikiningoja. Nikaandika: *yupo*. Nilidhani hakuna atakayesoma. Nilirudi mjini juu ya baiskeli nikilicheka neno langu njia nzima, na jioni nikawasimulia wenzangu, nao wakapiga makofi.

Ramani ilipokuja mezani kwangu ilikuwa na alama za penseli, nami nilitakiwa kuzipitisha wino. Mifereji ilikuwa viduara vya buluu. Nilivichora kimoja kimoja, mkono wangu ukiwa mwepesi, mpaka nikafika Kikwajuni na kuukuta uchochoro ule umeachwa mweupe. Kushoto kiduara, kulia kiduara, na katikati yake pameandikwa kwa mwandiko wa mhandisi, mdogo na safi: kisima cha mtu.

Alikuwa amesoma. Alikuwa amesoma daftari lote, mstari kwa mstari, taa ikiwaka.

Alisimama nyuma yangu akitazama kazi. "Kuna tatizo?"

"Hakuna, bwana."

Ningesema nini? Kwamba mwenyewe huyo hana jina, na anakaa chini ya maji? Nilijiambia kwamba angelicheka, na kwamba kicheko chake kingemwangukia bibi wa watu, si mimi. Nilijiambia maneno mazuri sana. Kisha nikachovya kalamu nikaendelea na Miembeni.

Baada ya siku kadhaa zikatoka barua. Kila mwenye kisima alipelekewa moja, aambiwe ajenge ukingo na aweke kifuniko. Msimamizi wa mafundi, Mtumbatu mmoja mwenye kifua kipana, alizigawa kwa matarishi akisoma majina kwa sauti. Akafika kwenye moja, akaigeuza nyuma na mbele.

"Karani! Hii imeandikwa 'Kwa Mwenyewe wa Kisima, Kikwajuni' basi. Huyu bwana hana jina?"

"Hana."

"Nyumba anayo?"

"Anayo."

Akanitazama, na nadhani alielewa palepale, maana aliishika ile barua kwa ncha za vidole akaiweka mezani kwangu kama kitu cha moto. "Basi kampelekee mwenyewe. Sisi kwetu Tumbatu barua za mabwana kama hawa hatuzipeleki. Tunazipokea tu kutoka kwao."

Mafundi wote wakacheka. Nami nilicheka.

Nilifika saa saba mchana, ingawa ningeweza kufika wakati mwingine. Bibi alikuwa anafua. Hakujua kusoma herufi za kizungu, akanitaka nimsomee, nikamsomea. Alisikiliza akikamua kanga mpaka isitoke hata tone.

"Na mfereji?"

"Hautakuja, Bi. Si sasa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kisima kina mwenyewe."

"Nani kawaambia?"

"Mimi."

Aliianika ile kanga, akainyoosha pembe zake nne. "Nilikwambia uandike mambo mawili," alisema. "Umeandika moja." Halafu akanigeukia. "Barua si yangu hiyo. Msomee mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kisimani kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani. Nikaenda. Niliinama juu ya yale mawe nikaisoma barua ya serikali, na baridi ikanipanda usoni, na kutoka chini sauti yangu ikanirudia. Ilichelewa kidogo. Ilisoma vizuri kuliko mimi. Nilipofika mwisho nikanyamaza, nayo ikamaliza maneno yake ya mwisho, kisha, baada ya kimya, ikaniita. Iliniita kwa jina langu la nyumbani, ambalo mama yangu tu alikuwa akiniita.

Mtoto aliyelelewa akiitwa haulizi, huitika. Kinywa kilifunguka chenyewe. "Na—"

Kiganja kikanipiga mdomoni, chenye harufu ya sabuni. "Limeze!" alisema bibi sikioni mwangu. "Limeze hilo!"

Nikalimeza. Mpaka leo sijui kama nililimeza lote.

Na nyuma yetu, kutoka mlango wa jiko, kwa sauti safi ya mtoto aliyefundishwa adabu: "Labeka!"

Alikuwa anakuja, kopo mkononi, macho yamepita juu yetu, anatembea kama mtu anayetumwa dukani. Bibi yake alimdaka kiunoni hatua tatu kutoka kwenye mawe. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, "Mbona kaniita basi?"

Sikumbuki nilivyovuka Darajani. Nakumbuka nilisimama mbele ya meza ya mhandisi, shati limenishika mgongoni, nikasema nilikosea katika daftari, uchochoro ule unastahili mfereji.

"Kisima kina mwenyewe au hakina?"

Dirisha lilikuwa wazi, na chini barabarani muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake. Nilielewa kwamba hakuna njia ya kati. Karatasi ile ilijua majibu mawili tu.

"Hakina," nilisema.

Akanisukumia daftari. Nilikata *yupo* kwa mstari mmoja, nikaandika *hakuna*. Alichukua penseli akachora kiduara, akapima kwa rula, akakunja uso. "Ni mwisho wa bomba. Maji yatafika yamechoka. Lakini yatafika."

Yalifika baada ya masika. Uchochoro wote ulitoka kutazama. Koki ilifunguliwa mbali huko, tukangoja, kisha chuma kikaanza kunguruma, *bu-bu-bu*, upepo ukikimbizwa mbele ya maji, na watoto wakaruka nyuma wakipiga kelele. Yakatoka mekundu ya kutu, halafu ya rangi ya chai, halafu safi. Vigelegele vikapigwa. Mjukuu wa yule bibi alikuwa wa kwanza kuweka ndoo, nayo ilijaa polepole mpaka mwanamke mmoja akasema, "Maji gani haya, yametoka Bububu kwa miguu?" Watu wakacheka. Bibi hakuwapo.

Siku ile ya kufunika kisima nilitumwa kuandika kwamba kimefunikwa. Mafundi walikuwa wameliweka zege lao kwenye upenyo wa ua, njia ya nyuma imezibwa, na bamba la kufunikia limeegemezwa ukutani. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya.

"Nipeni nafasi kidogo," alimwambia msimamizi, "nimtoe mtu."

Yule Mtumbatu hakuuliza ni nani. Aliwaondoa vijana wake uchochoroni, akaenda nao mpaka kwenye kona.

"Nyinyi mmeandika hayupo," bibi akaniambia. "Yeye hajui kusoma. Kaa hapo nje ya mlango wa mbele, shika baiskeli yako. Usiseme."

Nyumba ile ilikuwa ya udongo, yenye ukumbi mwembamba unaotoka uani moja kwa moja mpaka mlango wa mbele. Aliifungua milango yote miwili, nikaona mpaka kisimani, mwanga mweupe wa saa saba mwisho wa giza la ndani. Mjukuu wake alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa nje, nilimsikia akiimba. Bibi akatia ubani katika chetezo, akaenda kusimama pale kwenye mawe, na nilisikia sauti yake bila ya kuinuliwa, sauti anayotumia mtu kumwambia mgeni kwamba nyumba imekuwa ndogo.

"Tuwie radhi, bwana. Umetunywesha miaka mingi, na ulichokichukua umekichukua. Huyu tuachie. Mgeni wa heshima hatolewi mlango wa uani. Pita mbele."

Kisha akageuka, akaja ukumbini polepole, chetezo mkononi, ubavu mmoja ameuambaza ukutani ili kuacha nafasi. Kuimba kule chumbani kukakatika. Nilisubiri kusikia *labeka*. Ndoo, kule mwisho, ilikuwa imetundikwa na haikutikisika, lakini nilisikia kamba juu ya jiwe, na baridi ikaja, baridi ileile niliyoisomea barua, ikapita usoni pangu na kusimama. Kizingiti kilikuwa cha mti mkavu, mweupe kwa jua. Nilikiona kikilowa, kikageuka cheusi.

Ndani mtoto akaanza kuimba tena.

Bibi alifika mlangoni. Alitazama kizingiti, akatazama uchochoro mtupu, akatazama juu ya bega langu mahali pasipokuwa na mtu, akainamisha kichwa kama anavyoagwa mkubwa. Nilifungua kinywa kumuuliza nifanye nini sasa, niende wapi, lakini nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Ndipo akanitazama mimi, kama aliyekumbuka kwamba nami niko huko nje pamoja na mgeni wake, na akafunga mlango.