Mama Mkwe Alizima Pampu, Samaki Wangu 214 Wakiwa Hai

Admin, nifichie jina kabisa, japo kanisani kwetu sijui mtu anayefuata ukurasa huu.

Nina miaka 44, mzaliwa wa Uvira, na huu ni mwaka wangu wa 13 hapa Johannesburg. Mke wangu anasuka nywele, tuna watoto wawili. Usiku nalinda ghala Doornfontein, mchana nalala. Tunaishi Jeppestown, nyuma ya karakana ya zamani, na uani nimejenga kitu ambacho sikufundishwa na mtu: tangi la lita 3,000 la samaki, na juu yake mabeseni ya kokoto yenye spinachi na lengalenga, yaani mchicha. Maji machafu ya samaki yanapanda kulisha mboga, yanarudi chini yakiwa safi. Samaki wenyewe ni besi chotara, mzazi mmoja besi mweupe, mwingine besi wa mistari. Nyama yake tamu sana, lakini bila pampu ya hewa hana maisha. Umeme ukikatika nina betri. Kwa miezi 14 pampu yangu haijawahi kunyamaza, ila mara moja nilipoizima mwenyewe kwa kipimo.

Mama mkwe alikuja miezi tisa iliyopita. Ana miaka 66. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Jina lake halipiti mdomoni mwangu, naye hagusi mlango wa chumba ninacholala. Tukiwa na neno, linapitia kwa mke wangu. Lakini matusi yake hayakuhitaji mtu wa kuyapitisha. Wageni wakija, anapaza sauti nisikie ukutani: "Mutoto wangu aliolewa na zamu! Na sasa zamu analinda samaki. Samaki yenyewe inakulaga mavi yake!" Zamu ndiyo mlinzi, kwa kikwetu. Wamama wanacheka. Mimi nimelala upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Wiki mbili kabla ya kuvua, alileta wamama sita wa maombi kuombea mavuno. Ilikuwa saa nane mchana, joto la ajabu, mke wangu yuko kazini kusuka. Mmoja alirekodi kwa simu, ndiyo maana nina kila neno. Pampu ilikuwa inawapigia kelele. Mama mkwe anasema, "Zimeni iyo mashini, Mungu atusikie." Ikazimwa. Wakaimba.

Dakika ya 12, samaki wanaanza kupanda juu, midomo wazi, wote 214. Mtu anayejua samaki angepiga yowe, eish, maana samaki hapandi hivyo ila anakufa. Wao walipiga vigelegele! "Angalieni, zinapanda kupokea upako! Haleluya!" Dakika ya 17 mama mmoja anaingiwa na wasiwasi: "Mama, tumuamushe mwenye samaki?" Mama mkwe anajibu, "Miye nitabisha namna gani kwenye mukwe wangu analala? Ni haya iyo. Endeleeni kuomba."

Dakika ya 30 nikatoka, nikawasha pampu. Samaki walikuwa wanaelea matumbo juu. Waliopona ni tisa.

Mbele ya wamama wote nilimtazama usoni, nikamwita kwa jina lake la kuzaliwa. Mara tatu. Nikamwambia, "Muuaji. Chukua kisu." Akaketi kwenye ndoo, akapaa magamba ya samaki 205 mpaka vidole vikatoka damu, na mimi nimesimama juu yake nahesabu kwa sauti. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha ile video nikaitupa kwenye kundi la kanisa. Siku hizi kuanzia Jeppestown mpaka Berea anaitwa Mama Pampu. Watoto wanamwimbia dirishani.

Najua mnasema alistahili. Ngojeni kwanza.

Mimi sikuwa usingizini. Mtu aliyelala miezi 14 karibu na pampu haamshwi na kelele, anaamshwa na ukimya. Nilifungua macho dakika ileile ilipozimwa. Nikajua kila kitu. Nikabaki kitandani nikiangalia saa. Nilitaka aje mwenyewe kwenye mlango wangu, yule anayeniita zamu, abishe, aseme kwa mdomo wake, "Mukwe, nisaidie." Wakifa kumi au ishirini, nilijiambia, si kitu, nitakuwa nimempata.

Nilikuwa nimeshapima kwamba wanavumilia dakika 40. Lakini nilipima walipokuwa na gramu 300. Siku ile walikuwa wamefika 700, na mwili mkubwa unamaliza hewa haraka. Mimi ninayejisifu kwa hesabu, sikukumbuka hilo. Vigelegele vilipokatika ghafla, ndipo nikavaa suruali.

Mama mkwe hali siku hizi, anakunywa chai tu. Anakaa uani kutwa nzima mbele ya wale tisa, anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, ili wapate hewa, na pampu inawaka pale pembeni. Mke wangu hajasema nami kwa siku kumi na moja, ila sentensi moja: "Mama alikosea kwa kutojua. Wewe ulimfanyia kwa kujua." Hajui alivyopatia.

Jumapili hii bibi huyu atapiga magoti mbele ya kanisa, aombe radhi kwa kuua samaki za mukwe. Jumatatu anapanda basi kuanza safari ya kwetu, na kwa afya aliyo nayo sidhani tutamwona tena. Nikisema ukweli, mke wangu atapanda basi hilohilo na watoto wangu. Nikinyamaza, mzee atakwenda kaburini na dhambi yangu.

Na kwa kuwa hapa sina jina, niseme na hili: kuna sehemu yangu ambayo bado inataka kumwona akipiga magoti.

Nitukaneni kwanza mkitaka, ila kabla ya Jumapili mtu mmoja aniambie nifanye nini.