Kichupa cha Maji Nilichonunua kwa Simu

Akina mama wenzangu, na ninyi wazee mlioketi kule nyuma, mimi si mtu wa kusimama mbele ya kanisa na kusimulia mambo ya mwili wangu. Lakini nimerudishiwa kitu ambacho nilikitupa kwa mkono wangu mwenyewe, na mtu wa namna hiyo akinyamaza anakosa adabu. Kwa hivyo nitasema yote, hata yale yanayonuka.

Jina langu ni Wawira. Hapa Kibugu wengi mnaniita Mwalimu kwa sababu nimewafundisha watoto wenu. Mume wangu ni Nyaga, yule anayezunguka kwenu akitibu ng'ombe na kuchanja kuku. Tuna binti mmoja, Mukami, na mashina ya chai kule chini karibu na mto.

Kabla ya haya nilikuwa mtu wa nguvu. Alfajiri nachuma chai, kengele ya shule ikilia niko darasani, na Jumamosi nacheza voliboli na timu ya walimu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na wasichana waliotoka chuoni juzi walikuwa wakiniona ng'ambo ya wavu wanarudi nyuma hatua mbili. Niseme ukweli, nilifurahia hilo sana. Pengine kupita kiasi.

Jumamosi moja niliruka kupiga mpira, na bega la kulia likalia kama kijiti kikavu. Nilitua chini na mkono hauinuki. Pale hospitalini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipima taratibu akaniambia, "Mwalimu, kano imechanika kidogo. Itapona yenyewe. Fanya haya mazoezi kila siku, na usiguse mpira miezi mitatu."

Miezi mitatu! Mashindano yetu yalikuwa yamebakiza wiki tano.

Sasa, katika timu nina rafiki, Mwalimu Marigu. Tumefundisha shule moja miaka mingi, na tumekopeshana hata sweta. Marigu alinionyesha ukurasa fulani kwenye simu yake. Walikuwa wanauza unga mweupe ndani ya kichupa, wakisema wanariadha wa ng'ambo hujidunga ili kano zipone upesi. Unga huo ni mkavu, lazima uchanganywe na maji. Na maji yenyewe walikuwa wakiyauza papo hapo, kichupa kidogo cha kioo. Waliandika kwamba yametiwa dawa ya kuzuia bakteria, kwa hivyo unaweza kuyavuta kwa sindano siku nyingi bila kuharibika.

"Huu unga naogopa," nikamwambia. "Na haya maji je?"

"Maji ni maji tu, Wawira. Mimi pia naagiza, kwa ajili ya hili goti langu."

Tukaagiza pamoja. Mzigo ulipofika Embu mjini nilienda kuuchukua mwenyewe. Nikaufungua chumbani, mlango nimeufunga.

Nataka mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kichupa kile kiliniambia kila kitu na mimi nikakataa kusikia. Karatasi iliyobandikwa ilikuwa imekaa upande. Haikuwa na jina la kiwanda. Haikuwa na nambari ya toleo, wala tarehe ya kuisha muda. Kifuniko cha bati kilikuwa kinazunguka chini ya kidole changu, na chupa ya dawa ya sindano kifuniko chake hakizunguki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kiingereza, waliandika kwamba si ya kutumiwa na binadamu. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusoma herufi ndogo. Nilizisoma, nikajiambia wameandika hivyo kukwepa serikali.

Nikainua kichupa dirishani. Ndani kulikuwa na kitu kinaelea, chembamba kama uzi wa pamba. Nikajiambia ni kipande cha mpira wa kizibo.

Kujidunga hakukunipa shida. Nimemshikia Nyaga ndama mara nyingi na nimeona anavyofanya. Nilichukua sindano mpya kwenye mkoba wake bila kumwambia, nikachanganya unga na maji, nikadunga pembeni ya bega, pale palipouma. Kile kichupa nikakificha ndani ya friji kwenye boksi lake la chanjo za kuku. Nilijua Nyaga haangalii chini ya barafu.

Siku za kwanza nilijisikia vizuri. Hata nilimwambia Marigu maumivu yamepungua. Nilidunga tena, na tena. Baada ya ile ya tano, asubuhi niliamka bega lina joto kama chungu kilichotoka mekoni. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevutika, inang'aa. Nikavaa sweta nikaenda kazini.

Kesho yake nilikuwa shambani nachuma chai. Jua lilikuwa limetoka, wenzangu wamevua majaketi, na mimi natetemeka. Meno yalikuwa yanagongana mpaka jirani yangu akauliza ninatafuna nini. Nikaenda zahanati. Daktari wa pale akaniuliza, "Umeumia wapi? Kuna kitu kimekuchoma?"

Nikamjibu, "Ni kiwavi. Kiwavi wa kwenye chai."

Yule daktari hana kosa lolote. Alinitibu ugonjwa niliomwambia. Alinipa vidonge na dawa ya kupaka, akasema nisipopata nafuu nirudi. Nilipoteza siku mbili kwa ajili ya huyo kiwavi ambaye hakuwepo.

Siku ya tatu sikuweza kuvaa nguo. Bega lilikuwa limevimba limefika shingoni. Mkono haukusogea hata upana wa kidole, na nikijaribu nilihisi kama mtu anamimina maji ya moto ndani ya mfupa. Nilitapika chai. Nilimwita Mukami kwa jina la marehemu dada yangu, na mtoto akakimbia kumwita baba yake.

Nyaga aliingia na viatu vyake vya shambani. Alinikalisha, akaweka vidole vyake kwenye bega kama anavyoweka kwenye goti la ndama. Akabonyeza kidogo. Nikapiga nduru.

"Mama Mukami," akasema, "hii si ngozi. Hiki ni kiungo, kimejaa usaha. Na hapa pana alama za sindano. Nani amekudunga?"

Nikageuza uso ukutani.

"Nimeuliza nani."

"Ni mimi."

"Umejidunga nini?"

Nikamwambia aangalie chini ya chanjo za kuku. Alileta kile kichupa, akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga. Sasa kulikuwa na mawingu ndani yake. Nilidhani atanigombeza. Aliketi pale kitandani, kofia yake mikononi, akasema kwa sauti ya chini, "Wawira, kila chanjo ya kuku ninayonunua inakuja na maji yake. Yakimwagika, naitupa chanjo. Ningekubali vipi wewe upate maji ambayo siwezi kumpa kuku?"

Hapo ndipo nilipolia. Maumivu yalikuwa hayajaniliza.

Alikifunga kichupa ndani ya mfuko safi pamoja na mabaki ya unga, tukaenda hospitali kubwa mjini. Njiani alisema jambo moja tu: "Ukifika, sema kweli. Mnyama hawezi kusema, lakini wewe unaweza."

Alinipokea Daktari Karimi, mpasuaji, mama mfupi anayeongea haraka. Aliuliza lile swali la zahanati, na safari hii nilimjibu sawasawa. Aliinua kichupa akasema, "Asante kwa kukileta. Umenisaidia kuliko unavyojua. Sasa najua niwinde nini." Alitoboa kiungo kwa sindano kubwa, na kilichotoka hakikuwa maji wala damu. Ulikuwa usaha wa kijani kama supu ya mboga, na harufu yake ilikuwa tamu vibaya, kama matunda yaliyooza. Mpaka leo tunda likioza jikoni nalitoa nje upesi.

"Tunaingia theata sasa hivi," akasema.

"Mkono wangu utakatwa?"

"Sijui. Nitafanya kila kitu usikatwe. Lakini kwanza nataka wewe ubaki hai. Vijidudu vimeanza kuingia kwenye damu."

Walinifungua bega wakaliosha. Baada ya siku mbili wakalifungua tena, kwa sababu usaha ulirudi. Niliachiwa mpira wa kutoa uchafu ukining'inia kwapani, na dripu ya dawa kwenye mkono wa kushoto. Wiki nzima sikujua asubuhi wala jioni. Nesi mmoja, kijana mpole kutoka Kanja, alikuwa akinisafisha kidonda huku akiniuliza majibu ya hesabu za Gredi ya Tano ili nisiangalie. Nikipatia, ananiambia, "Umepita, Mwalimu." Mungu ambariki popote alipo leo.

Majibu ya maabara yalipokuja, Daktari Karimi aliketi karibu nami. Kijidudu kilichotolewa begani na kile kilichoota kutoka kwenye kichupa changu kilikuwa kimoja, aina inayopenda kuishi majini. Nikamuuliza, si waliandika maji yana dawa ya kuzuia bakteria?

"Yale ya kweli yapo," akanijibu. "Yanatengenezwa kiwandani bila kijidudu hata kimoja, ndipo yanatiwa dawa kidogo ya kuhifadhi, ili yasiharibike yakishafunguliwa. Hata hayo yana siku zake, kisha yanatupwa. Hiyo dawa inazuia tu. Haisafishi maji yaliyoingia chupani yakiwa machafu. Hayo yako hakuna anayejua yalijazwa wapi, pengine kwenye ndoo ya mtu. Na huo unga hakuna aliyeuidhinisha kwa binadamu. Ulipojidunga karibu na kiungo, ulivifungulia vijidudu mlango."

Halafu akaniuliza, "Kuna mwingine aliye nayo?"

Woi! Marigu! Katika ugonjwa wangu wote nilikuwa nimemsahau. Nilimpigia simu kwa mkono wa kushoto, vidole vinateleza. Alipokea akiwa uwanjani.

"Marigu, umejidunga?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri wewe upone nione kama inafanya kazi."

Nilicheka mpaka mpira wa kwapani ukanivuta. Nikamwambia kichupa chake asikifungue, asikimwage, akilete hospitalini kama kilivyo. Alikileta siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni mwa wodi na mfuko mkononi, akashindwa kuingia.

"Mimi ndiye niliyekuonyesha," akasema.

"Na mimi ndiye niliyesoma zile herufi ndogo nikaendelea," nikamwambia. "Ingia. Nichane nywele, nimeshindwa kwa mkono mmoja."

Alinichana huku analia juu ya kichwa changu. Tangu hapo hatujazungumzia nani alimkosea nani. Daktari Karimi aliwaandikia wakaguzi wa dawa akawapelekea vichupa vyote viwili. Ule ukurasa tulipoutafuta haukuwepo tena. Labda umefunguliwa kwa jina jingine. Mimi naamini umefunguliwa.

Nilikaa hospitalini wiki sita nikitiwa dawa kwenye mishipa. Nilirudi nyumbani nimekonda, mkono umekauka kama mpini. Nyaga alikuwa akinivalisha blauzi kila asubuhi, na alijifunza kufunga vifungo vya nyuma bila kunung'unika. Ninyi mlichuma chai yangu ili isizeeke shinani. Mlikuja kwa zamu, sikuwaita, na mpaka leo sijui nani alipanga. Mazoezi yale ya mwanzo niliyoyadharau, sasa niliyafanya mwaka mzima, nikitambaza vidole ukutani kama buibui. Mukami alikuwa anaweka alama ya penseli pale vinapofika.

Sasa nawapa neno langu, kisha niketi.

Sindano si kitu cha kununua kwa picha. Si dawa tu, hata yale maji ya kuchanganyia. Ukiambiwa ni maji tu, kumbuka yanapita ngozi yanaingia damuni, mahali ambapo hakuna tumbo la kuyachuja. Dawa ya sindano iandikwe na daktari, maji yake yatoke kwenye duka la dawa lenye leseni, na akudunge mtu aliyesomea. Chupa isiyo na jina la kiwanda, nambari wala tarehe, au iliyolegea kifuniko, au yenye kitu kinaelea, mrudishie muuza dawa au mpelekee daktari. Usiifiche kwenye friji ukitumaini. Na ninyi wenye watoto wachanga, Daktari Karimi alinituma niwaambie kwamba hata yale maji ya kweli, ile dawa iliyomo inaweza kumdhuru mtoto mchanga. Msiguse bila daktari.

La mwisho ndilo gumu. Ukishakosea, sema. Yule kiwavi wangu alikaribia kuniua kuliko kile kichupa. Hospitalini hakuna aliyenicheka. Kama kuna mtu hapa ana kitu nyumbani alichokificha, asisubiri tumalize wimbo. Nyaga yuko pale mlangoni, na mimi niko hapa. Tutakusindikiza, na hatutamwambia mtu.

Voliboli sichezi tena. Mkono huu ukiinuka unafika hapa, mnaona? Hapa kwenye sikio, hausogei zaidi. Mashati ya Nyaga nayaanika mwenyewe. Mukami namsuka mwenyewe. Chai nachuma, polepole, lakini nachuma. Namshukuru Mungu, nawashukuru na ninyi, kwa kila kilichoko kati ya kiuno changu na sikio langu.