Bakuli Zima la Unga Ndani ya Rejeta

Ndoa ya binti yetu ilikuwa ifungwe Kalima baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu mama yangu anaishi huko na miguu yake imegoma kusafiri. Mimi ndiye baba, mimi ndiye walii wa kumwozesha. Nisipofika, hakuna ndoa. Na mimi huyuhuyu, dereva wa miaka yote hii hapa Kindu, gari langu likaanza kuchemka hata nusu ya njia hatujafika.

Nilishuka nikimlaani fundi aliyelikagua juma lile. Feni ilikuwa inazunguka, mkanda umekaza. Injini ilipopoa kidogo nikagusa mipira ya maji: wa juu unaunguza, wa chini baridi. Maana yake maji hayapiti, rejeta imeziba.

"Huyo fundi atanitambua!" nilisema.

Mke wangu akakohoa kwenye kiti cha nyuma, kando ya binti yetu.

"Muache fundi wa watu. Miye njo nilitia unga ya fufu jana. Maji ilikuwa inavuja."

"Unga kiasi gani?"

"Bakuli muzima. Juu ni gari ya harusi, haiwezi kuvuja."

Nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Uji mweupe, mzito, umeiva vizuri kabisa.

Hasira ilinipanda, ikakosa pa kukaa, maana ujinga ule nilimfundisha mwenyewe. Wakati wa vita, mji umefungwa na treni haiji, vipuri tuliviona ndotoni tu. Nilikuwa nabeba wagonjwa, na rejeta ikitoboka tulitia vijiko viwili vya unga wa muhogo. Ukiiva, unaziba tundu. Siku moja mke wangu alinifungia kwenye karatasi unga wa mwisho uliokuwa nyumbani. Tulilala na njaa usiku ule, wala hakulalamika.

Sasa unga upo tele, naye ametia kwa moyo wake wote. Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani na kanzu yangu nyeupe. Nilimpenda mwanamke yule, wallahi, kuliko siku niliyomuoa.

Nikavua kanzu. Binti yetu akaishika kwa ncha za vidole, akichunga hina yake. Mke wangu alichota maji mtoni kwa dumu, mimi nikachomoa mpira wa chini, tukaisukutua rejeta mpaka maji yakatoka safi. Tundu nililikandika sabuni ya kufulia. Tukaenda polepole, tukisimama kila mara kuongeza maji.

Tulipofika, watu wa bwana harusi walikuwa wamesimama barabarani, na mama yangu ameshaanza kulia. Sikunawa hata mikono. Shehe alifungua kinywa kuniuliza kama nimeridhia.

"Nimeridhia!" nilipaza sauti kabla hajamaliza, na nyuma ya pazia nikamsikia binti yangu akicheka.