Filamu Iliyogoma Ukutani

Mama Pindo alishona mapazia. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pazia lake hata ukiligeuza nyuma, pindo lilikuwa limenyooka kama limepigwa rula. Mumewe, mchora mabango ya maduka, alipenda kumtania: "Waliosema macho hayana pazia hawakukujua wewe."

Ndipo macho ya huyo mzee yakaanza kuharibika. Halikuwa giza la ghafla. Palitokea doa katikati ya kila alichokitazama. Akimwangalia mtu, uso ulitoweka, yakabaki masikio na mabega. Daktari alimweleza kwa upole kwamba doa hilo halitafutika, tena huenda likakua, ila kwa pembeni ataendelea kuona, hasa vitu vikubwa. Mzee akaacha kazi. Akajifunza kumtazama mkewe kwa kupinda shingo kando, kama kuku anayekagua punje ya mtama.

"Unanitazama kama nimekuudhi," Mama Pindo alimwambia siku moja.

"Nikikutazama sawasawa, hupo," mumewe akajibu.

Mama Pindo akainamia cherehani, akajifanya anatunga uzi.

Siku chache baadaye, wakila chakula cha mchana, mzee aliitaja filamu waliyoiona pamoja kabla hawajaoana: habari za mwanamke dereva wa treni, aliyesimamisha treni porini ili abiria wake ajifungue. Ukumbi walimoionea uligeuzwa zamani kuwa ghala la saruji. "Natamani niione tena," alisema, "kabla hili doa halijaimeza." Kisha akaomba chumvi, kama vile hakusema neno.

Mama Pindo hakusahau. Alimpigia binti yao, muuguzi katika mji mwingine, naye akamwelekeza duka moja la mtandaoni. Filamu ilikuwepo. Akainunua kwa simu, moyo ukimdunda kama msichana. Lakini simu ilikuwa ndogo, na yote iliingia ndani ya doa. Mzee alihitaji picha kubwa, ya ukuta mzima.

Jirani yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa na projekta kuukuu aliyowaonyeshea watoto picha za wanyama. Jumapili alasiri akaileta. Mama Pindo alikuwa ameziba madirisha kwa mapazia mazito ya mteja ambaye hajaja kuyachukua, na ukutani akatundika shuka jeupe. Mwalimu akaunganisha waya. Honi ya treni ikalia, chumba kikatetemeka. Ukuta ukabaki mweusi tii.

Mwalimu akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Pakatokea maneno chini ya ukuta, akayasoma kwa sauti: kifaa hiki hakiruhusiwi kuonyesha filamu hii.

"Hakiruhusiwi na nani?" Mama Pindo akauliza. "Si nimenunua?"

"Umenunua, mama, ila ina kufuli. Wanaogopa watu watainakili. Projekta yangu ni ya zamani, haielewani na kufuli lao, basi wanaiona kama mwizi."

"Yaani mimi nimuuzie mtu pazia, halafu akilihamishia chumbani lisionekane? Wateja si wangenitundika mimi!"

Mwalimu alicheka, akanyoosha mkono azime. Mzee akamzuia. "Acha sauti iendelee. Mimi naijua hii." Akakaa vizuri kwenye kiti, akaanza kuwasimulia. "Sasa yuko kituoni, anapanda kwenye injini. Amevaa kofia."

"Kofia gani? Alijifunga kitambaa cha kijani."

"Kofia, mke wangu."

"Mzee wangu, kwa mambo ya vitambaa usibishane na mimi."

"Kwani siku ile ulikuwa unatazama filamu?"

"Nilikuwa natazama. Wewe ndiye ulikuwa unanitazama mimi."

Mwalimu akajishughulisha na waya usiokuwa na tatizo lolote. Wakaendelea hivyo, mzee akisimulia, mkewe akimrekebisha, mpaka kitoto kichanga kikalia mle gizani.

"Basi, imetosha," mzee alisema mwishoni. "Nimeiona."

Mama Pindo alimjua mumewe. Akisema imetosha, ujue haijatosha.

Safari hii binti alitafuta kwa makini zaidi, akagundua kwamba kampuni ndogo iliyotengeneza filamu ile bado ipo, na inauza yenyewe nakala isiyo na kufuli. Mama Pindo hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia mara ya pili. Akaomba namba, akapiga mwenyewe. Ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya utu uzima.

"Nikinunua kwenu, itakuwa yangu kweli? Hata simu ikifa?"

"Ni yako, mama. Iweke kwenye flashi, kwenye televisheni, popote utakapo. Tunachoomba ni usiigawe tu mtaani."

"Na nikiigawa mtajuaje?"

"Hatutajua."

Tangu waanze kuhangaika na filamu hii, hakuna aliyemwambia neno la namna hiyo. "Basi sitaigawa," akasema.

Jumapili iliyofuata ukuta ukawaka. Milima, reli, moshi. Mzee akasogeza kiti mpaka karibu na shuka, akakaa ubavu, shingo imepinda. Mama Pindo hakuangalia filamu hata kidogo. Alikuwa akiangalia lile shavu la mumewe lililoangaziwa na mwanga.

"Hana kofia," mzee akasema polepole. "Wala kitambaa. Nywele zake zimesukwa, zimeshuka mpaka mabegani." Akageuka. "Tulikuwa tunadanganyana wote wawili!"

Mama Pindo alicheka mpaka machozi, na kwa kuwa alikuwa anacheka, hakuna aliyemuuliza machozi ni ya nini. Mwalimu naye alivutiwa, akaomba nakala ya kumpelekea dada yake.

"Namba yao nitakupa," Mama Pindo akamwambia. "Mwambie dada anunue yake. Wale watu wametuamini."

Kabla treni haijafika porini, kichwa cha mzee kiliinama. Uchovu wa kutazama kwa pembeni si mdogo. Mwalimu akanong'ona amwamshe, sehemu nzuri inakuja. Mama Pindo akatikisa kichwa, akaisimamisha filamu pale pale, akamfunika mumewe kanga magotini. Kesho yake, baada ya chai, wakaendelea pale walipoishia.