Waya Hauendi na Mashine

Hanunui sindano bila kudai uzi. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Nyongeza, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye pasipoti, linakotumika mara chache. Ukimuuliza alianzaje biashara ya kompyuta kuukuu, atakwambia alianza na kibodi moja isiyo na herufi R, akamuuzia karani ambaye, kwa bahati nzuri, hakuwa na R katika jina lake. Huenda ni uongo. Lakini ni uongo wa mtu anayeamini kwamba kila kitu kina mnunuzi wake, ila mnunuzi mwenyewe bado hajaamka.

Duka lake ni chumba kirefu chembamba nyuma ya duka la magodoro. Skrini zenye migongo minene zimepangwa hadi dari, kibodi zimefungwa kwa kamba kama kuni, na hewa yote inanuka vumbi lililoungua. Ukutani hakuna tangazo la bei, kwa sababu bei hutegemea viatu vya mteja. Kanuni iliyopo ni moja tu, na haikuandikwa popote: waya hauendi na mashine. Ukinunua kompyuta kwa Nyongeza, unaondoka nayo leo, waya wa umeme unaufuata kesho. "Bado unapimwa," atakwambia kwa sauti ya daktari. Kumbe waya uko kwenye droo, mzima kama kigongo. Ila mteja anayerudi kuchukua waya huondoka pia na kipanya, na spika, na pengine na printa ambayo hakuwahi hata kuiota. Wateja hunung'unika, lakini hurudi. Watafanyaje? Kompyuta isiyo na waya ni sinia zito.

"Huo ni wizi wenye adabu," Rangi alimwambia mara nyingi.

"Adabu ndiyo inayouzwa," Nyongeza humjibu.

Rangi ni rafiki yake tangu shule, mchoraji wa mabango ya maduka. Wa pili ni Kinanda, mdogo wa mume wa Nyongeza, mpigaji kinanda kwenye maharusi, mtu mpole ambaye akikosea wimbo huomba radhi kwa spika. Hawa wawili kwa miaka walikuwa wakikaa nyuma ya duka, magoti yakigusana, mbele ya kompyuta moja ya kale ambayo Nyongeza alishindwa kuiuza. Walikuwa wakitengeneza kitu walichokiita "kazi". Unabonyeza kitufe, na ile mashine inachora yenyewe: mji unasimama kwa mistari, mvua inanyesha kwa kufuata muziki wa Kinanda, taa zinawaka dirisha moja moja. Mwishoni inapita orodha ya salamu kwa watu kadhaa, wengi wao hawajawahi kukutana nao. Vyote hivyo ni dakika chache tu. Na fahari yao kubwa ilikuwa kwamba vimekaa ndani ya mashine ambayo kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya kengele ya mlango ya siku hizi.

"Ngoja nielewe," Nyongeza aliwauliza siku moja. "Gari lipo, mkaamua kubebana mgongoni, halafu mnataka mpigiwe makofi?"

"Ndiyo sanaa yenyewe, shemeji."

"Basi mimi ni msanii tangu utotoni."

Hata hivyo kuna jambo lilimkwama kooni. Katika zile salamu alikuwamo mpaka fundi wa feni. Yeye mwenye duka, mwenye umeme, mwenye mashine, hakuwamo. Alipouliza, Rangi alicheka. "Dada, wewe ni wa ndani. Mtu habishi hodi nyumbani kwake." Nyongeza akalimeza. Lakini huyu ni mtu ambaye akimeza kitu, hukumbuka alikiweka wapi.

Siku ikafika, kazi ikakubaliwa kwenye tamasha la sanaa za kompyuta huko ng'ambo. Watu hukusanyika ukumbini kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na mashine yake, kazi zinaoneshwa kwenye skrini kubwa, na waliohudhuria wanapiga kura. Nyongeza alitoa nauli, na tusiingie huko. Sharti lake lilikuwa naye aende, kwa kuwa wale wawili, kwa maneno yake, wangeuziwa hata hewa ya ndege. Mke wa Rangi naye alitoa sharti lake mlangoni, mumewe akiwa tayari na begi mkononi:

"Baba watoto, nimevumilia. Safari hii kazi yako ionekane na watu, niione inaonekana. Isipoonekana, ukirudi unaingia kwa kaka yangu, unapaka rangi mageti."

"Mageti ya aina gani?" Rangi aliuliza, kama mtu anayeuliza aina ya kifo.

"Ya kijivu."

Uwanja wa ndege walikataa mashine isiingie na mizigo ya mkononi. Nyongeza hakubishana. Alikwenda pembeni, akaifunga kwenye shuka, akaibeba mgongoni kama mtoto mchanga, akarudi akiyumbayumba kiunoni na kubembeleza. Mhudumu akampisha mbele ya foleni na kumuuliza kwa upole kama mtoto amelala.

"Amezimika kabisa," alisema.

Ukumbi ulikuwa ghala kubwa lililozibwa madirisha, baridi nje, joto la mashine ndani. Meza ndefu zilijaa skrini, nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi, na watu wazima wenye ndevu walikuwa wamelala chini ya meza saa sita mchana. Nyongeza aliingia na gauni la kumetameta na viatu vya kisigino. Wengine wote walivaa fulana nyeusi.

"Nilikwambia ni sherehe ya kompyuta," Kinanda alinong'ona.

"Sherehe ni sherehe. Wao ndio hawakuambiwa."

Kwenye skrini kubwa duara likazunguka. Likabadilika rangi. Likazunguka upande wa pili. Ukumbi mzima ukashangilia kama mpira umeingia wavuni, na jamaa mmoja karibu yao akafuta machozi. Nyongeza alisubiri lile duara lifanye jambo, halikufanya. Akajiambia kwamba penye watu wanaolipa kiingilio kutazama duara, pana biashara.

Kazi yao ilikuwa ioneshwe alasiri. Mashindano yana sheria kali: ukiitwa na mashine yako haipo jukwaani, umefutwa. Rangi na Kinanda walikwenda kujiandikisha, wakamwacha Nyongeza alinde mashine. Kumwachia Nyongeza mashine ailinde ni sawa na kumwachia fisi bucha kwa sababu ana meno mazuri.

Hawajafika mbali, akatokea mwanaume mrefu, nywele za mvi amezifunga nyuma kama mkia wa farasi. Aliiona ile mashine ya kale, akasimama ghafla. Akaigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nyongeza hakuelewa maneno aliyosema, lakini macho hayo aliyafahamu. Macho ya mnunuzi aliyekwisha kununua, bado tu kuambiwa.

Walielewana kwa lugha ya dukani, ambayo nusu yake ni mabega. Mkia wa Farasi akaonesha mashine. Nyongeza akageuza uso, kana kwamba amekashifiwa. Mkia wa Farasi akakimbia, akarudi na kompyuta ya kupakata, mpya, nyembamba, ina plastiki yake. Nyongeza akapiga miayo. Ikaja ya pili. Nyongeza akaitazama ile mashine kwa huzuni, akaipapasa, akashusha pumzi, halafu akaonesha chupa ya chai iliyokuwa kwapani mwa yule bwana. Hiyo nayo ikaja. Wakapeana mikono. Yule bwana akaondoka ameikumbatia mashine, uso umemeremeta kuliko gauni la Nyongeza.

Msimuone mjinga. Kabla ya kuitoa alichomoa disketi iliyobeba kazi, akaiweka mkobani. Dukani kwake ndivyo ilivyo: vitu vya mteja hutolewa kwenye mashine moja vikatiwa kwenye nyingine, na mteja anaondoka anashukuru. Kwa hiyo wenzake waliporudi, aliwapokea kama mtu aliyewaposea mke.

"Kaeni. Nina habari njema. Lile sinia lenu limezaa mapacha."

Rangi alitazama meza. Akatazama chini ya meza. "Mashine iko wapi?"

"Hizi hapa mbili. Kazi yenu nimeitoa salama, iko kwenye disketi. Tieni humu."

"Dada." Rangi alikaa chini sakafuni, juu ya nyaya. "Kazi haiendi humu."

"Kwa nini isiende? Hizi zina nguvu zaidi."

"Shemeji," Kinanda alisema polepole, "imetengenezwa kwa mashine ile peke yake. Ni kama ufunguo. Ukihamia nyumba nzuri zaidi, ufunguo wa nyumba ya zamani haufungui."

Nyongeza alizitazama zile kompyuta mpya, moja baada ya nyingine. Alikuwa amebadilishana vitu maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kinachoweza kukataa kuhama.

"Kijivu," Rangi alisema, anaongea na sakafu. "Mageti ya kijivu mpaka nife."

Kinanda alianza kupita meza hadi meza kumtafuta yule bwana, lakini ukumbi ulikuwa mkubwa na wenye mkia wa farasi walikuwa wengi. Alirudi jasho linamtoka. Kisha akasimama, akamtazama shemeji yake kwa namna mpya.

"Waya ulimpa?"

Nyongeza akafungua mkoba. Waya ulikuwa humo, umeviringwa vizuri pamoja na disketi. Hakukumbuka hata kuuweka. Mkono ulifanya wenyewe.

"Si atakuwa na nyaya nyingine?" Rangi aliuliza, akiinua kichwa.

"Nyingine haziingii. Tundu la awali liliharibika, nikaweka la cherehani ya umeme."

Watu wawili waliomwita mwizi kwa miaka mingi wakautazama ule waya kama masalia matakatifu. Rangi akainuka kwenda kutafuta tena. Nyongeza akamvuta shati.

"Kaa. Ukimfuata mteja, umekuwa mteja wewe. Atakuja."

"Na asipokuja?"

"Hajawahi kutokea asije. Kunywa chai."

Wakanywa chai ya Mkia wa Farasi kwenye chupa ya Mkia wa Farasi. Jukwaani kazi moja ilipita, ikapita nyingine. Rangi alikuwa akihesabu vidole vyake kama vile vilikuwa vinapungua. Walipobakiza zamu mbili, huyo akatokea, mashine kifuani, uso wa mtu aliyeoa kwa picha. Nyongeza hakuinuka. Alimwonesha waya kwa mbali, akaurudisha mkobani. Akaonesha mashine, akaonesha jukwaa, akaonesha wenzake, akaonesha tena waya na kutikisa kichwa: kwanza kule, ndipo hapa. Mkia wa Farasi alielewa, akacheka mpaka akakaa. Kisha akaenda kuwasimulia watu wa meza ya jirani, nao wakawasimulia wengine.

Rangi akanyoosha mkono apokee waya. Mkoba haukufunguka.

"Na nyinyi," Nyongeza alisema.

"Sisi nini tena?"

"Nyongeza."

"Dada, sasa hivi?"

"Jina langu liingie kwenye salamu."

Rangi alimtazama kuona kama ni utani. Hakukuwa na utani. "Haiwezekani. Kumbukumbu imejaa pomoni, hakuna nafasi ya herufi moja."

"Mtoe fundi wa feni."

"Ni binamu yangu!"

"Atakusamehe. Hata hajui kama yumo."

"Mtoe," Kinanda alisema kwa upole. "Feni yenyewe haikupona."

Basi wakaunganisha waya, wakatia disketi, na Rangi akaandika haraka, binamu akatoka na salamu zake ndefu, jina likaingia. Wakaitwa. Mashine ikapanda jukwaani, Mkia wa Farasi akiwa pembeni yake kama mdhamini mahakamani.

Kazi ilionekana. Mji ukasimama, mvua ikanyesha, madirisha yakawaka. Watu wakapiga makofi ya heshima, yale ambayo mtu hupigia hotuba ya bwana afya. Rangi alikuwa hapumui. Zikaja salamu, majina yakapita, watu wakaanza kuinuka kwenda chooni. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, ikatokea: WAYA NI WA NYONGEZA. Ukumbi ukalipuka. Hadithi ilikuwa imekwisha kuzunguka meza zote. Waliolala chini ya meza waliamka kushangilia kitu wasichokijua, na Nyongeza, ndani ya gauni lake la kumetameta, akasimama akapunga mkono. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, mavazi yake yalifaa.

Kura zilipohesabiwa, walikuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa jamaa ambaye mashine yake iliwaka moto. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na duara.

Rangi alimtumia mkewe video ya sehemu ya mwisho peke yake. Simu ikaja hapo hapo.

"Makofi yote hayo wanampigia nani?"

Rangi alimtazama Nyongeza. Nyongeza akatazama dari.

"Kazi, mama watoto. Kazi nzima."

"Haya. Nitamwambia kaka atafute mtu mwingine."

Mkia wa Farasi alikuja kudai waya. Nyongeza alimshika bega, akamweleza kwa mikono kwamba waya umechoka, umepanda jukwaani, lazima upimwe kwanza. Kesho. Rangi akafungua mdomo apinge, akakumbuka rangi ya kijivu, akaufunga.

Kesho yake asubuhi yule bwana alifika wakati wanafunga mabegi, akapewa waya wake. Walipotoka nje kwenye baridi, walimwona akivuka barabara, amebeba mashine mgongoni kwa shuka, akitembea polepole ili asiiamshe. Shuka nalo halikutoka bure.